Canon, Nikon na Sony wanagombania nini pembeni mwa uwanja?

Kila yanapomalizika mashindano makubwa, iwe Olimpiki au Safari Rally kule Naivasha, vikundi vya WhatsApp vya wapiga picha wa Kisumu, Kakamega na Nakuru huwaka moto kwa swali lile lile: "Niuze Canon yangu ninunue Sony?" Mmoja ataapa kwamba Canon imekwisha. Mwingine atatuma picha ya lenzi nyeupe zilizojipanga nyuma ya goli na kuandika, "Hesabu mwenyewe." Wa tatu ataleta habari ya kamera inayopiga picha 120 kwa sekunde. Katikati ya zogo hilo yupo kijana aliyeweka akiba ya kazi za harusi na mahafali ili aingie kwenye picha za michezo, na akiba hiyo iko karibu kupotea kwa sababu hakuna aliyekaa naye akamweleza ushindani huu unahusu nini.

Makala hii nimeiandika kwa ajili yake. Ninachoamini nakisema mapema: ushindani wa kamera za michezo unaamuliwa na lenzi na huduma kuliko kamera yenyewe, na mpiga picha wa huku kwetu akilielewa hilo ataokoa pesa nyingi.

Tuanze na maneno machache. Kamera ya kazi huja kwa vipande viwili. Kuna bodi, yaani kamera yenyewe yenye betri, vitufe na kadi, halafu kuna lenzi inayofungwa mbele yake. Ndani ya bodi mna sensa, kibamba kinachopokea mwanga na kuugeuza kuwa picha. Mbele ya sensa, kwa kawaida, mna shata, ambayo hufunguka na kufungika kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Kwa mpira wa miguu au raga, 1/1000 ya sekunde ndipo pa kuanzia. Ukishuka hapo, mguu wa anayepiga mpira hutoka umefifia. Namba ya f nayo hueleza lenzi inavyofunguka: f/2.8 huingiza mwanga mwingi na kufifisha mashabiki walioko nyuma ya mchezaji, f/5.6 huingiza robo ya mwanga huo. Mwisho, kuna ile pete ya chuma ambapo lenzi hushika bodi, yenye safu ya vidoti vya dhahabu vya kupitishia umeme. Hiyo tuiite mdomo wa kamera.

Mdomo ndio kiini cha habari yote. Wanaokumbuka gesi ya kupikia ya zamani watanielewa upesi. Kila kampuni ilikuwa na mtungi wenye kichwa chake, na rigeleta ya kampuni moja haikukaa kwenye mtungi wa nyingine. Ukishanunua mtungi na rigeleta, ulikuwa umeshaamua utajaza kwa nani miaka yote inayofuata, hata jirani akipata kwa bei nafuu. Kwenye gesi, serikali iliingilia kati na kulazimisha kichwa cha aina moja. Kwenye kamera hakuna aliyelazimisha. Lenzi ya Nikon haikai kwenye mdomo wa Canon, wala ya Canon kwenye mdomo wa Sony. Adapta zipo, lakini zile za kuvuka kutoka kampuni moja hadi nyingine mara nyingi huchelewesha fokasi, yaani kazi ya lenzi kumlenga mchezaji atoke mkali, na mpiga picha wa michezo anaishi kwa fokasi.

Sasa tazama bei. Bodi za juu kabisa za kampuni hizi tatu zilitoka zikiuzwa kati ya dola 5,500 na 6,500 hivi za Marekani. Lenzi ndefu ya kuvuta vya mbali, 400mm f/2.8, ile inayobebwa na wapiga picha wa mashirika ya habari, ilitoka ikiuzwa dola 12,000 hadi 14,000, yaani zaidi ya shilingi milioni moja na nusu kabla hujalipa kodi na usafirishaji. Lenzi moja inanunua bodi mbili. Mtu mwenye lenzi tatu za Canon akiamua kuhamia Sony, bodi ndiyo gharama ndogo kabisa katika safari hiyo. Kampuni zinalijua hilo vizuri, na ndiyo sababu zikishamnasa mtu hazina wasiwasi wa kumpoteza kesho.

Na bado watu huhama, wakati mwingine kwa makundi. Historia inaonyesha ni nini huwahamisha.

Nikon ndiyo iliyotawala kwanza. Kamera yake ya Nikon F ya mwaka 1959, pamoja na mdomo uliokuja nayo, ilikuwa chaguo la maripota wengi wa picha duniani. Mwaka 1987 Canon ikafanya jambo lililowaudhi wateja wake wenyewe: iliutupa mdomo wake wa zamani na kuleta mfumo wa EOS, wenye mdomo mpya unaowasiliana na lenzi kwa umeme peke yake. Aliyekuwa na lenzi za zamani aliachwa nazo mkononi. Lakini kila lenzi mpya ilikuwa na mota yake ndani, mota iliyopimwa kulingana na uzito wa vioo vya lenzi hiyo. Nikon haikutaka kuwatupa wateja wake, ikabaki na mdomo wa 1959, na fokasi yake ikategemea mota iliyomo kwenye bodi, inayozungusha lenzi kwa msumari mdogo kama ncha ya bisibisi. Kwa lenzi fupi hilo halikuwa tatizo. Kwa lenzi ndefu inayomfuata mwanariadha anayekimbia kuja mbele yako, ilichelewa. Nikon ilikuja kuweka mota ndani ya lenzi zake pia katika miaka ya 1990, lakini ilikuwa imeshachelewa, na lenzi nyeupe za Canon zilikuwa zimejaa viwanjani.

Weupe wenyewe una sababu. Baadhi ya vioo vya lenzi hizo hutengenezwa kwa floraiti, ambayo hutanuka kwa joto kuliko kioo cha kawaida, na rangi nyeupe husaidia kurudisha joto la jua. Kwa kuwa lenzi nyingi za Nikon ni nyeusi, zamani ungeweza kutazama safu ya wapiga picha kwenye runinga ukajua nani anaongoza. Leo hesabu hiyo inadanganya: lenzi kubwa za Sony ni nyeupe vilevile. Yule anayesema "hesabu mwenyewe" anazihesabu kampuni mbili kwa pamoja.

Nikon ilirudi ulingoni kwa dijitali. Kamera yake ya D1 ya mwaka 1999 iliwafungulia magazeti mlango wa kuachana na filamu, ijapokuwa ilikuwa na megapikseli 2.7 tu. Canon ikajibu na EOS-1D mwaka 2001. Kisha D3 ya mwaka 2007 ikaleta picha safi kwenye mwanga hafifu kiasi ambacho wapiga picha wa mechi za usiku walianza kurudi Nikon. Kwa miaka kumi iliyofuata mpira ulikuwa wa watu wawili, huyu akitoa bodi mpya na yule akimjibu.

Sony wakati huo alikuwa mgeni. Alinunua biashara ya kamera ya Konica Minolta mwaka 2006, na waliokuwa wakipiga picha za michezo hawakumjali. Lakini Sony ni mtengenezaji mkubwa wa sensa, hata sensa nyingi zilizomo ndani ya kamera za Nikon zimetoka kwake, na alipoamua kuingia alipita mlango ambao wale wawili hawakuwa wakiulinda.

Mlango huo ulikuwa kioo. Kamera za zamani, zile tunazoziita DSLR, zina kioo kilichoinama mbele ya sensa, kinachopeleka taswira juu kwenye tundu la kuchungulia. Ukibonyeza, kioo kinanyanyuka, shata inafunguka na kujifunga, kioo kinarudi chini. Ndiyo ile "kacha-kacha-kacha" inayosikika kwenye mikutano ya wanahabari. Wakati kioo kimenyanyuka, mpiga picha haoni kitu. Tundu linakuwa giza. Canon EOS-1D X Mark III ya mwaka 2020 ilifikisha picha 16 kwa sekunde huku kioo kikipanda na kushuka, na ni kazi ya ufundi inayostahili heshima, lakini chuma kina mwisho wake.

Mwaka 2017 Sony alitoa a9, kamera isiyo na kioo. Ilipiga picha 20 kwa sekunde, kimya kabisa, na tundu la kuchungulia halikuingia giza hata mara moja. Mtu aliyewahi kupiga picha za gofu, tuseme pale Nyanza Golf Club, anajua ukimya huo una thamani gani: mlio wa kamera kabla mchezaji hajapiga mpira unaweza kukufukuzisha uwanjani.

Kulikuwa na kasoro, na hii ndiyo sehemu inayowachanganya wengi, kwa hivyo twende polepole. Shata ya umeme haina kitu kinachosogea. Kamera inaisoma sensa tu. Inaisoma mstari kwa mstari, kuanzia juu hadi chini. Usomaji huo una haraka, lakini una muda. Chukua gari la Safari Rally linapokatiza mbele yako kwenye vumbi la Soysambu, karibu na Elmenteita. Sehemu ya juu ya tairi imesomwa mwanzo. Kufikia wakati kamera inasoma sehemu ya chini, gari limeshasogea. Tairi linatoka limelala upande, nguzo na miti vikiwa wima. Kwa sensa za kawaida picha hiyo haiuziki. Sony alipunguza tatizo kwa kuunganisha kumbukumbu ya kasi nyuma ya sensa ili isomwe upesi. Nikon, ambayo wengi walikuwa wameshaisomea dua, ilitoa Z9 mwishoni mwa 2021 ikiwa na sensa inayosomwa haraka kiasi kwamba iliondoa kabisa shata ya chuma. Novemba 2023 Sony akatangaza a9 III, ambayo husoma sensa yote kwa mpigo mmoja. Tairi linabaki duara, na kasi inafika zile picha 120 kwa sekunde zinazotajwa WhatsApp.

Je, a9 III basi imemaliza ubishi? Hapana. Usomaji wa mpigo mmoja unakula sehemu ya uwezo wa sensa. ISO yake ya chini kabisa, yaani kipimo cha wepesi wa sensa kupokea mwanga, ni 250, wakati kamera nyingi huanzia 100 au chini ya hapo, na picha zake huonyesha chengachenga zaidi kidogo mwanga unapopungua. Canon walipotoa R1 mwaka 2024 hawakufuata njia hiyo. Walibaki na usomaji wa haraka, picha 40 kwa sekunde, na nguvu zao wakazielekeza kwenye fokasi. R1 inaweza kutambua matukio ya mpira wa miguu, kikapu na voliboli na kumwendea mchezaji mwenye mpira, na unaweza kuisajilia nyuso za wachezaji unaotaka iwape kipaumbele.

Hizo picha 120 kwa sekunde pia zinahitaji kuwekwa mahali pake. Shikilia kitufe sekunde tano kwa kasi ya R1 na una picha 200 za kona moja. Mhariri anataka moja, na anaitaka kabla ya mapumziko. Kuchambua picha ni kazi, na kutuma ni bando. Kitu ambacho kimebadilisha kazi kwa kweli ni kingine, na hakizungumzwi sana: uwezo wa kamera kuhifadhi picha za kabla hujabonyeza. Z9 na a9 III zinaweza kurudi nyuma hadi sekunde moja. Kichwa kimegusa mpira, wewe umebonyeza umechelewa, na bado picha unayo.

Megapikseli nazo zina hadithi yake. Watu hudhani nyingi ndiyo bora. R1, bodi ya bei ya juu kabisa ya Canon, ina megapikseli 24 tu. Z9 ina 45. Sony a1 ina 50. Canon hawakushindwa kuongeza. Faili ndogo hutumwa upesi, na picha ya gazeti au ya simu haihitaji zaidi ya hapo. Lakini upande wa pili nao una haki: kama lenzi yako ni fupi na mchezaji yuko upande wa mbali wa uwanja wa Bukhungu, megapikseli 45 zinakuruhusu kukata picha ukabakiza robo yake tu na bado ukabaki na kitu cha kuchapisha. Kwa mtu asiye na milioni moja na nusu ya lenzi, hilo si dogo.

Tuje kwenye ushindani wenyewe unapofanyika, maana haufanyiki dukani. Julai 2020 shirika la habari la Associated Press lilitangaza kwamba wapiga picha na wapiga video wake duniani kote watatumia vifaa vya Sony peke yake. Uamuzi mmoja wa ofisi, na mamia ya watu wakabadilisha mdomo. Hawakulipa mfukoni. Unapomwona mpiga picha wa shirika kubwa na Sony mkononi, usichukulie kwamba alilinganisha kamera tatu akaichagua bora, pengine alipewa.

Halafu kuna huduma. Kwenye Olimpiki kampuni hizi huweka mafundi na maghala ya vifaa ndani ya kituo cha wanahabari. Mpiga picha aliyejisajili kwenye huduma ya kampuni kwa wataalamu akiangusha lenzi asubuhi, anaazimwa nyingine huku yake ikitengenezwa. Canon na Nikon walijenga huduma hiyo kwa miongo mingi, na Sony ilibidi ajenge yake kabla wataalamu hawajamwamini. Mtu hawezi kumweleza mhariri kwamba fainali ya mita 1,500 imempita kwa sababu kamera iko kwa fundi.

Mbona pesa zote hizo kwa ajili ya watu wachache? Kwa sababu soko lililobaki ni dogo na kila mmoja analiangalia. Mwaka 2010 kamera za dijitali zilizosafirishwa na wanachama wa CIPA, chama cha watengenezaji wa Japani, zilizidi milioni 120. Mwaka 2023 hazikufika milioni 8. Simu zilimeza zilizosalia. Wanaonunua kamera leo ni wanaotaka kitu ambacho simu haiwezi, na hakuna tangazo linalowashawishi kuliko safu ya wapiga picha kwenye fainali.

Basi sisi tunasimama wapi? Ile huduma ya Olimpiki haiko Kisumu wala Nakuru. Lenzi ikiharibika, huwa inasafiri kwenda Nairobi. Kwa hivyo swali la kwanza ambalo kijana wetu anapaswa kujiuliza ni hili: wenzangu ninaosimama nao kwenye viwanja vya Mamboleo au Afraha wana mdomo gani? Ukikwama, mwenzako ndiye ghala lako. Kama watano kati ya sita mnaofanya kazi pamoja wana Canon, kununua Sony kwa sababu ya tangazo ni kujitenga na lenzi zote ambazo ungeweza kuazima.

La pili ni mwanga, na hapa tumebahatika. Mechi zetu nyingi huchezwa alasiri, juani. Lenzi ya f/2.8 ya bei ya shamba ilibuniwa kwa wanaofanya kazi usiku chini ya taa za Ulaya. Kwenye jua la saa tisa, lenzi ya kuvuta kama Sony 200-600mm au Nikon 180-600mm, zilizotoka kwa dola 2,000 na 1,700 hivi, inakupa 1/1000 bila shida. Mandhari ya nyuma hayatafifia kama ya wale wa mashirika, na magoli ya jioni yatakusumbua, lakini picha itatoka, na itauzika.

La tatu ni mitumba, na ndiko ushindani huu unatunufaisha kweli. Wapiga picha wa nchi tajiri wanapohamia kamera zisizo na kioo, DSLR zao hushuka bei. EOS-1D X ya kwanza au Nikon D4, zote za mwaka 2012, zilikuwa kwenye Olimpiki ya London. Mpira haujaongezeka kasi tangu hapo. Lenzi za EF, yaani za ule mdomo wa Canon wa 1987, zimejaa sokoni, na ukija kununua bodi ya Canon isiyo na kioo baadaye, ambayo ina mdomo mwingine, adapta ya kampuni yenyewe huzifanya zifanye kazi vilevile. Kwa Nikon angalia zaidi: lenzi za zamani zisizo na mota ndani hazifokasi zenyewe kwenye bodi mpya za Z zisizo na kioo, hata kwa adapta ya Nikon yenyewe. Na ukifikiria kuingia kwenye mfumo huo mpya wa Canon usio na kioo moja kwa moja, ujue kwamba kampuni hiyo imewabania watengenezaji wengine wa lenzi kuliko wenzake. Mwaka 2024 iliwafungulia Sigma na Tamron, lakini kwa lenzi za kamera zenye sensa ndogo. Sony mlango uko wazi zamani, na kwa hivyo lenzi za bei nafuu kwake ni nyingi. Hiyo ndiyo hoja nzuri ya kuchagua Sony, na sijaisikia ikitajwa kwenye vikundi.

Ukienda kununua mtumba, kuwa mkali na lenzi kuliko bodi. Toa vifuniko vyote viwili, fungua lenzi hadi mwisho, washa tochi ya simu upande mmoja na uchungulie upande wa pili kwa pembe. Vumbi la chembe chache halina neno. Ukiona nyuzi nyembamba zimetandaa kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, na unyevu wa ziwani utaikuza. Irudishe hata ukipunguziwa bei nusu. Kisha omba muuzaji akuruhusu kutoka nje ya duka. Simama kando ya barabara, subiri boda boda inayokuja moja kwa moja kwako, fokasi usoni kwa dereva na ushikilie kitufe hadi akupite. Kuza picha moja moja kwenye skrini na utazame macho yake. Kama saba au nane kati ya kumi ni kali, lipa. Kama ni tatu, jaribu na bodi nyingine kwanza ili ujue nani mgonjwa kati ya lenzi na kamera.